Jogoo mzee ndani ya divai

Ikiwa mama amekutumia jogoo kutoka mashambani, miguu imefungwa kamba na sauti ya kuwika imekwaruza kwa uzee, tafadhali usikimbilie kumkaanga. Utatafuna hadi taya ziume, na watoto watakula mchuzi na kuiacha nyama. Jumapili hii tumpeleke jogoo huyo Ufaransa.

Wafaransa wana pishi waliitalo coq au vin, maana yake jogoo katika divai. Huhusishwa hasa na eneo la Burgundy, ambako hulimwa zabibu za divai nyekundu. Mahoteli makubwa yamelifanya lionekane chakula cha wenye pesa, lakini ukilitazama vizuri ni pishi la mtu wa shambani mwenye shida ile ile ya nyanya zetu: ndege amezeeka, ni mgumu, na kumtupa ni dhambi. Mpishi Mmarekani Julia Child alilifanya lijulikane kwao kwa kitabu alichoandika na wenzake wawili mwaka wa 1961, kisha akalipika kwenye televisheni.

Siri yake ni muda. Jogoo aliyetembea miaka miwili mitatu ana nyuzi ngumu katikati ya misuli. Moto mdogo wa saa nyingi huziyeyusha, nazo huufanya mchuzi uwe mzito na wa kunata midomoni. Broila wa wiki sita hana nyuzi za kutosha. Ukimchemsha saa tatu atasambaratika uokote mifupa. Kwa hiyo nenda soko la Burma (ambalo, kwa bahati nzuri, liko kando ya Barabara ya Jogoo) ukaulize jogoo wa kienyeji aliyekomaa, au kuku wa mayai aliyechoka kutaga. Huyo wa pili mara nyingi huwa na bei nafuu, na hapa anafaa sana.

Kwa ndege wa kilo 2 hivi, tafuta chupa moja ya divai nyekundu ya mililita 750, karoti 3, vitunguu 2 vikubwa na vidogo kama 12, punje 4 za kitunguu saumu, robo kilo ya uyoga, unga wa ngano vijiko 2, kijiko cha nyanya ya kopo, siagi, pilipili manga na kijiti cha rozimeri. Rozimeri usinunue, omba kwa jirani mwenye ua. Divai isiwe ya bei kali, bali iwe ile kavu, isiyo na sukari. Ile tamu ikikauka motoni hugeuka kama jemu. Divai kavu ya Dodoma, Tanzania, itakutosha.

Jumamosi jioni mkate kuku vipande 8, umlaze ndani ya divai pamoja na karoti, vitunguu vikubwa, saumu na rozimeri. Tumia bakuli la kioo au la plastiki, uliweke ndani ya friji. Sufuria ya alumini isitumike kulaza, maana ukali wa divai huila na chakula kikawa na ladha ya bati. Hata kupikia, sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu ni bora.

Siku ya pili toa vipande uvikaushe kwa kitambaa hadi viwe vikavu kabisa. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa kuku amekuwa wa kijivu. Nyama yenye maji haikaangiki, huchemka tu. Vikaange vichache vichache hadi viwe vya hudhurungi, uviweke kando. Wafaransa huanza kwa kukaanga nyama ya nguruwe yenye mafuta. Asiyeila atumie mafuta ya kawaida na hatapungukiwa na kitu. Kaanga mboga ulizochuja, nyunyiza unga, koroga, tia nyanya, kisha rudisha kuku na divai yote na uongeze vikombe 2 vya supu. Ichemke, halafu punguza moto hadi uone povu moja moja tu likipanda. Jiko la makaa lililofunikwa jivu huifanya kazi hii vizuri kushinda gesi. Jogoo atachukua saa mbili na nusu hadi tatu. Uyoga na vitunguu vidogo vikaange kwa siagi peke yake, uviongeze nusu saa ya mwisho. Chumvi itie mwishoni, mchuzi ukishapungua.

Mwanafunzi mwenye meko na mfuko mwembamba anunue mapaja manne ya broila na kutumia nusu ya vipimo hivi. Dakika 45 zitamtosha.

Lakini kuna jambo kuhusu dakika hizo 45 ambalo nilijifunza kwa aibu. Shangazi yangu ameokoka na hagusi pombe. Alipokuja kwangu nilimpikia broila kwa divai, na alipouliza nikamjibu bila kusita, "Shangazi, pombe yote imepaa na mvuke." Akala, akaongeza.

Baadaye nikakuta vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Chakula kilichotiwa pombe kikichemka nusu saa, hubaki asilimia 35 hivi ya pombe ile. Saa moja, asilimia 25. Saa mbili na nusu, bado asilimia 5. Hesabu hubadilika kulingana na upana wa sufuria na kifuniko, lakini hakuna mahali inapofika sufuri. Jogoo mzee anakaribia kuimaliza. Broila wangu alikuwa bado na robo au zaidi.

Nilimpigia simu nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huyo kuku sina ubaya naye. Kilichoniuma ni vile uliniambia kwa uhakika jambo usilolijua."

Basi, msomaji, ukialika jirani Mwislamu, mlokole, mama mjamzito, au mtu anayepambana kuiacha chupa, mwambie kilichomo kabla hajashika sahani, aamue mwenyewe. Na watoto pia uwafikirie. Mimi siku hizi hupika sufuria mbili. Ya pili huweka supu mahali pa divai yote, pamoja na kikombe cha maji ya ukwaju na kijiko kidogo cha sukari ya kupunguza ukali. Rangi yake hukaribiana na ya divai, na uchachu unaokata mafuta upo. Si coq au vin tena, Mfaransa asisikie, lakini wali huisha.

Shangazi bado huja. Hufika moja kwa moja jikoni, hufunua kifuniko cha kwanza, hufunua cha pili, kisha hunigeukia: "Yangu ni ipi?"