Risala ya Watumishi wa Kitengo cha TEHAMA kwa Mkuu wa Chuo kuhusu Barua Pepe za Mfumo wa Wanafunzi

Ndugu Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa Idara,
Mabibi na Mabwana,

Tusamehewe kuziruka pongezi. Dirisha la udahili limekaribia na hali ni ile ile.

Taarifa za ada, ratiba na matokeo hutumwa na mfumo wetu kupitia akaunti ya bure ya Gmail, iliyofunguliwa kwa namba ya simu ya mtumishi aliyekwisha kuhamishwa. Programu hubisha hodi kwenye seva ya Gmail, smtp.gmail.com, kupitia poti 587, hujitambulisha kwa jina na nywila, kisha hukabidhi barua. Kwa duka la vipuri utaratibu huo unatosha. Lakini akaunti ya aina hiyo ina ukomo wa barua 500 kwa siku, na anayevuka huweza kuzuiwa kutuma hadi saa 24. Chuo kina maelfu ya wanafunzi. Siku ya matokeo akina Abdallah hupata, akina Mwajuma husubiri kesho, akina Zuberi huja kugonga mlango wetu, na lawama huandikwa kwa jina letu. Kosa si la Google. Masharti yao yako wazi kwa kila anayetaka kuyasoma.

Tangu Mei 2022 akaunti hizo hazipokei tena nywila ya kawaida kutoka kwenye programu. Sisi tunatumia nywila maalumu ya herufi 16, ambayo haitolewi bila uthibitisho wa hatua mbili. Hatua ya pili iko kwenye simu ya huyo ndugu yetu aliyehamishwa. Akaunti ikitiliwa shaka, tunampigia atusomee tarakimu, hata akiwa msibani. Nywila yenyewe imeandikwa waziwazi ndani ya programu, na kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyepita hapa ameiona.

Tukiweka anwani ya Msajili kama mtumaji, Gmail huibadilisha na kuweka ya akaunti inayotuma, kwa kuwa hatujathibitisha kwamba ni yetu. Mzazi aliyechoshwa na ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” anapata dai la ada kutoka anwani asiyoijua. Akiifuta, nani wa kumlaumu?

Tunadai Chuo kitume kwa kikoa chake chenyewe, chenye kumbukumbu za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huzitaka zote tatu kwa wanaotuma barua kwa wingi. Tunadai pia huduma ya kulipia ya kutuma barua nyingi. Kuhusu fedha za kuilipia, fungu la vitafunwa vya vikao lisitajwe hapa, ila wahusika wanalijua. Nywila ibadilishwe wiki hii na isiandikwe tena ndani ya programu, na akaunti iwe mali ya ofisi. Ateuliwe mtu wa kusoma barua zinazorudi, maana anwani nyingi zilikosewa tangu dawati la usajili.

Majibu tunayaomba kwa maandishi kabla ya udahili kuanza. Yasipokuja, matokeo yatabandikwa ubaoni, na barua ya kueleza sababu itasainiwa na Uongozi, si sisi.

Tunaomba kuwasilisha.