Tusimwue Buibui Mrukaji

Kila Jumamosi tufanyapo usafi wa mabweni, ufagio huondoa utando wa buibui, kisha kiatu humwua buibui mwenyewe. Kufagia utando ni sawa. Neno langu leo ni juu ya kiatu.

Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo ambaye wataalamu hawajampata penginepo duniani. Urefu wake ni kama milimita 5 tu. Mwaka 2003 alipewa jina la Evarcha culicivora, na neno hilo la pili maana yake ni mla mbu. Hategi kwa utando. Hukaa katika kuta za nyumba, huvizia, kisha huruka. Mwaka 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walieleza kwamba humpendelea hasa mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Yeye mwenyewe hana mdomo wa kututoboa ngozi. Mwaka 2011 ikaelezwa pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Wenzangu wa bwenini, kwa hilo hatuna upungufu!

Atasema mtu, "Mbu akishakunywa, mimi ameshaniuma, faida gani?" Faida ipo. Vimelea vya malaria hukaa ndani ya mbu siku kama 10 au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Basi mbu aliyeliwa leo ukutani hatampelekea jirani yako homa baada ya wiki mbili.

Sisi wa Geita na Shinyanga twajua uzito wa jambo hili. Mashimo yaliyoachwa na wachimba dhahabu hujaa maji ya mvua, mbu huzaliana humo, na madawati hubaki matupu. Hata kama mrukaji wa ukutani kwetu si yule wa ng'ambo ya ziwa, naye ni mwindaji wa wadudu.

Sisemi tuache vyandarua, wala mashimo yasifukiwe. Buibui hawezi kazi hiyo peke yake. Nasema ufagio upite penye utando, na kiatu kibaki mguuni. Walimu wetu wa Bayolojia nao yafaa watupe kipindi kimoja tukazitazame kuta na kuandika viumbe tutakaowaona.

Nanyi wazazi, mtoto akiwazuia kumpiga buibui mrukaji wakati wa likizo, msimcheke, mwulizeni sababu.

Mwanafunzi wa Kidato cha III