Ufunguo wa Mlango wa Umma Usiwe wa Mtu Mmoja

Kutoka Fire hadi Gerezani, kandokando ya Mtaa wa Msimbazi na katika mitaa jirani ya Kariakoo, biashara ya simu haina mapumziko. Zipo simu mpya ndani ya vioo, zipo zilizokwisha kutumika ughaibuni zikaletwa kuuzwa tena, na zipo zile za vibonye ambazo watu wameziita vitochi. Mafundi wamekaa na bisibisi zao mbele ya maduka, na mawinga huwaita wateja kabla hawajavuka barabara. Mwalimu aliyekuja mjini kwa shughuli zake, na karani anayetoka kazini jioni, hununua hapo kwa kadiri mshahara unavyoruhusu. Mnunuzi huuliza bei, hupima betri na kutazama nafasi ya kuhifadhi picha. Lakini liko swali moja asiloliuliza, wala si juu yake kuliuliza: je, kurasa za ofisi na za masomo anazotakiwa kuzitumia zitafunguka katika simu hiyo?

Swali hilo ni la wale wanaoziandaa kurasa hizo. Yafaa likumbukwe leo, kwa sababu dunia imekwisha kulijadili kwa ukali, ikalipia majibu yake kwa gharama kubwa, na mafunzo yaliyopatikana yanaihusu kila ofisi ya umma na kila shule nchini.

Mjadala ulihusu programu-jalizi. Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za mtandao, huelewa lugha za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza na kuzitumia bila kuomba ruhusa. Programu-jalizi ni kiongezeo kinachopachikwa juu ya kivinjari ili kisome kitu ambacho chenyewe hakikielewi. Bila kiongezeo hicho, mahali palipokusudiwa picha hubaki pengo tupu. Iliyokuwa mashuhuri kuliko zote iliitwa Flash. Kampuni ya Macromedia iliitwaa mbegu yake kwa kuinunua mwaka 1996, na kampuni ya Adobe ikainunua Macromedia yenyewe mwaka 2005. Mwaka huohuo YouTube ilianza kuonyesha video kwa njia hiyo. Michezo, matangazo, vibonzo na masomo ya kila namna yalitengenezwa kwa Flash, hata mtu mwenye kompyuta isiyokuwa nayo akajiona kama amekaa nje ya nyumba.

Si haki kusema kwamba Flash haikuwa na faida. Kwa mwalimu faida yake ilikuwa kubwa. Moyo uliochorwa ubaoni haupigi, na mkondo wa umeme katika picha ya kitabu hauendi popote. Kwa michoro inayotembea, mwanafunzi aliweza kuona damu ikiingia na kutoka, akabadili kipimo cha betri na kutazama taa ikizidi kung'aa. Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani kilianzisha mwaka 2002 mradi wa majaribio ya sayansi uitwao PhET, chini ya Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Majaribio mengi ya mradi huo yaliandikwa kwa Flash na kwa Java, nayo pia ilihitaji kiongezeo chake. Shule isiyo na maabara ilipata dirisha la kuchungulia maabara. Aliyetaka simu nazo zibebe Flash alikuwa na hoja ya kweli: huko ndiko elimu na burudani zilikokuwa, na mwenye simu hakustahili kunyimwa.

Hata hivyo, simu si kompyuta iliyopunguzwa ukubwa. Kampuni ya Apple ilipotoa iPhone mwaka 2007, haikuweka Flash ndani yake, na tarehe 29 Aprili 2010 mkuu wa kampuni hiyo, Steve Jobs, aliandika waraka wa wazi kueleza sababu. Alisema Flash ilikuwa mali ya kampuni moja tu, ilhali mtandao hauna budi kusimama juu ya kanuni za wazi. Alisema ilikuwa na kasoro za usalama na ilisababisha mitambo kukwama. Alisema iliimaliza betri, akatoa mfano kwamba video inayosomwa na kifaa maalumu ndani ya simu ingeweza kuonyeshwa kwa muda wa saa 10, wakati ile inayosomwa kwa nguvu ya programu pekee ingeishia chini ya saa 5. Aliongeza kwamba kurasa nyingi za Flash zilitungwa kwa ajili ya kipanya, kinachoweza kupita juu ya kitufe bila kukibonyeza. Kidole hakiwezi kufanya hivyo. Kikigusa kimekwisha kubonyeza.

Upande wa pili haukukaa kimya. Mwaka huohuo wa 2010 simu za Android zilipewa Flash, na wauzaji wakaitaja kuwa sifa ya kuwashinda wapinzani wao. Lakini matumizi yenyewe ndiyo yaliyokata shauri. Kurasa zilijikokota, simu zikapata joto, chaji ikaisha mchana. Mwezi Novemba 2011, Adobe yenyewe ilitangaza kwamba haitaendelea kuitengeneza Flash kwa ajili ya vivinjari vya simu. Mwaka 2014 kanuni mpya za lugha ya kurasa, HTML5, zilipitishwa rasmi, na kwa kanuni hizo kivinjari huonyesha video na michoro inayotembea bila kiongezeo chochote. Adobe iliacha kabisa kuitegemeza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isifanye kazi hata katika kompyuta za mezani.

Walioikataa Flash katika simu walikuwa sahihi. Lakini hapana sababu ya kuwafanya watakatifu. Kampuni iliyofunga mlango wa programu-jalizi ilikuwa na duka lake yenyewe la programu, na kila aliyetaka kuweka kitu katika simu zake alipaswa kupita hapo na kukubali masharti yake. Aliyelalamika juu ya ufunguo wa mwenzake alikuwa na ufunguo wake mfukoni. Kwa hiyo somo la kushika halimo katika ushindi wa kampuni moja dhidi ya nyingine. Somo limo katika kile kilichobaki baada ya ugomvi: kazi zilizoandikwa kwa kanuni za wazi zingali zinafunguka, na zile zilizotegemea mali ya mtu mmoja zilizimika siku mwenyewe alipochoka nayo.

Afrika Kusini ililiona jambo hilo kwa macho. Fomu za kodi ambazo wananchi wake walitakiwa kuzijaza kwa njia ya mtandao zilikuwa zimetengenezwa kwa Flash. Tangazo la kwamba Flash itafikia kikomo lilitolewa mwezi Julai 2017, miaka mitatu na zaidi kabla ya siku yenyewe. Hata hivyo, siku ilipofika baadhi ya fomu zilikuwa bado hazijahamishwa, na mwezi Januari 2021 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili fomu hizo zipate kufunguka. Mlipa kodi hakuwa ameichagua Flash, lakini usumbufu ulimfika yeye.

Wale wa PhET walikwenda njia nyingine. Hawakungoja siku ya mwisho. Walianza mapema kuyaandika upya majaribio yao kwa HTML5, moja baada ya jingine, na leo mengi yanafunguka katika simu ya kawaida. Baadhi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na mwalimu wa fizikia anaweza kuyatumia darasani bila kumwomba fundi apachike chochote. Kazi hiyo ilidai miaka na fedha, lakini mzigo uliwaangukia waandaaji, wala haukutupwa kwa mwanafunzi.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake ya kukataa mitambo. Kompyuta ya kwanza serikalini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zilipokwenda kombo, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Hasira ya wakati ule ilikuwa na sababu, kwani mashine ghali zilikuwa zimeleta hasara mahali palipotarajiwa nafuu. Ila katazo lile lilikuja bila njia ya badala, na ofisi zikarudi kwenye madaftari. Hapo ndipo panapoonekana tofauti. Kukataa kitu kibovu huku njia bora ikitengenezwa ni busara. Kukataa na kukaa kimya ni kuahirisha kazi.

Nchi hii inao pia mfano mwema. Namba *152*00# hufungua orodha ya huduma za Serikali katika simu yoyote, pamoja na kitochi cha vibonye, wala haihitaji intaneti. Mzazi aliye kijijini hupiga tarakimu hizo kama anavyopiga kutazama salio lake. Huduma hiyo haina rangi wala picha inayotembea, lakini waliyoiandaa walianza kwa kuuliza mwananchi anashika simu gani mkononi.

Yapo maeneo ambayo swali hilo bado halijaulizwa vya kutosha. Flash imekwisha, lakini tabia yake haijaisha. Imebadili vazi tu. Leo mtumishi huomba likizo na uhamisho kwa njia ya mfumo, na hujaza humo malengo yake ya kazi. Mwalimu hupokea miongozo kwa simu na kutafuta vitabu mtandaoni. Ukurasa ukimtaka mtu apakue programu nyingine kwanza, ndipo asome tangazo la kurasa mbili, hiyo ni programu-jalizi kwa jina jipya. Ni vivyo hivyo fomu inapotumwa katika faili lisilofunguka ila kwa programu ya kulipia, na mfumo unapokataa toleo la Android la miaka michache iliyopita. Tena ukurasa ukipakiwa video nzito inayojiendesha yenyewe, bando la mwalimu linakwisha kabla hajaifikia taarifa aliyoitafuta.

Wapo wanaojibu kwamba dunia inakwenda mbele, na mwenye simu ya zamani hana budi anunue mpya. Jibu hilo ni jepesi kwa asiyenunua. Wafanyabiashara na wateja wa Msimbazi wanajua maana ya simu kuhukumiwa kwa uamuzi uliofanywa mbali na duka. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini kote, shabaha ilikuwa njema, kwani simu bandia ni hatari kwa mtumiaji na kwa biashara halali. Lakini aliyeamka asubuhi na kifaa kisicholia alikuwa mnunuzi, ambaye mara nyingi hakujua alichouziwa. Ikiwa hasara ya namna hiyo iliweza kuvumiliwa kwa sababu ya usalama, haifai kurudiwa kwa sababu tu ya uvivu wa mwandaaji wa ukurasa au tamaa ya kupamba.

Hapana anayedai kwamba kurasa za umma ziwe kavu kama tangazo la ukutani. Michoro inayotembea ina nafasi yake, na katika masomo ina nafasi kubwa. Inayotakiwa ni kanuni iliyo wazi. Kila huduma ya umma iandikwe kwa lugha ambayo kivinjari chochote kinaielewa. Pambo liwe juu ya habari, ili likiondolewa habari ibaki. Mikataba ya kutengeneza mifumo ieleze kwamba ofisi inabaki na kazi yake na uwezo wa kuihamisha, hata kampuni iliyoitengeneza ikifunga milango. Walimu wanaotunga masomo yao wenyewe, ambao idadi yao inaongezeka na juhudi zao zastahili sifa, nao wayahifadhi katika namna za wazi, ili yatakayotungwa mwaka huu yafunguke kwa mwanafunzi wa miaka 10 ijayo.

Tena jaribio la kanuni hiyo ni rahisi, na halihitaji mtaalamu kutoka nje. Kabla ofisi haijatangaza huduma mpya, imtume mtumishi mmoja Msimbazi akanunue simu janja ya bei ya chini kabisa inayouzwa hapo, aweke bando dogo, asimame kando ya barabara penye watu wengi na mtandao wa kugombania, kisha aufungue ukurasa huo. Ukifunguka na kusomeka, tangazo na litolewe. Usipofunguka, wahusika wajue kwamba kazi yao bado haijakwisha, na wairudie kabla mwananchi hajapoteza nauli, bando na siku yake.