Ramani ya Shule Ipite Kwanza kwa Wana Mpumudde

Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro hakufika nyumbani akiwa hai. Waingereza walimkamata mwaka 1899, wakamhamishia Shelisheli. Akiwa safarini kurejea, mauti yalimkuta Mpumudde, Jinja, tarehe 6 Aprili 1923, akazikwa Mparo, Hoima. Mtaa wenye historia nzito kiasi hicho haustahili shule iliyojengwa kama ghala.

Tangu Uganda ianzishe elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, madarasa mengi yamejengwa kwa haraka, na haraka hiyo ilikuwa na sababu: watoto walifurika. Ila mtindo umebaki ule ule, matofali ya kuchoma, madirisha madogo, bati tupu bila dari. Mvua kubwa ikianza kupiga, mwalimu hunyamaza akashika chaki, na watoto hunakili ubaoni mpaka ipungue.

Dawa yake ipo. Kijijini Gando, Burkina Faso, msanifu majengo Francis Kéré alikamilisha shule mwaka 2001: dari ya matofali ya udongo, na juu yake bati lililoinuliwa ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Wanakijiji wenyewe ndio walioijenga. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo.

Radi nayo isisahaulike. Juni 2011 ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18. Ramani isiyoonyesha kinga ya radi irudishwe kwa aliyeichora.

Basi shule mpya ikipangwa Mpumudde, wakazi wasingoje siku ya kukata utepe. Wazazi waidai ramani mezani, kwenye kikao cha kamati ya usimamizi wa shule, kabla jiji halijaipitisha. Waashi wa mtaa waulize madirisha yameelekea wapi, maana hapa karibu na ikweta kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa na jua. Maji ya paa yanaingia tangi gani. Mtoto wa kiti cha magurudumu atapandia wapi. Wazee wa Busoga, na wa Bunyoro wakialikwa, waamue na walimu habari za Kabalega ziandikwe ukuta upi. Hata vijana wa bodaboda wana neno: wao ndio wanaojua lango likae wapi mtoto asigongwe.

Mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) aitishe kikao mapema, tena Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani. Na kila mzazi aje na jirani yake.