Mashini ya damu haijui jina la mgonjwa



Mwezi huu tumeulizwa swali moja na washiriki watatu mbalimbali: je, ni kweli kuna mashini zinazotayarisha damu zenyewe, bila mkono wa laborantini? Wawili waliuliza kwa furaha. Wa tatu, mama mzee wa kwaya, aliuliza kwa woga, kwa sababu amesikia mtaani kwamba damu ya watoto inachukuliwa ikauzwe. Tumeona vema kuwajibu wote pamoja.

Wengi wetu tunadhani kupima damu ni kuitazama tu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla ya kutazama. Kwa malaria, tone linapakwa kwenye kioo, linakauka, linatiwa rangi, ndipo linawekwa chini ya hadubini. Kwa vipimo vingine, kichupa kinazungushwa kwa kasi mpaka chembe nyekundu zishuke chini na maji ya manjano yabaki juu. Maji hayo yanavutwa polepole na kuhamishiwa kichupa kingine. Kwa kutafuta virusi inabidi kwenda mbali zaidi: kuvipasua, kuvisafisha, kutoa mbegu yake ya ndani kabisa. Kila hatua ni mkono wa mtu, na kila mkono unaweza kuchomwa na sindano, kurushiwa tone au kuvunja kichupa.

Sisi wa upande huu wa nchi tunajua bei ya hatua hizo. Mwaka 1976, kule Yambuku, daktari Jean-Jacques Muyembe alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, akaona matundu ya sindano hayaachi kutiririka. Damu ya mtawa mmoja Mbelgiji ilisafirishwa kutoka Kinshasa hadi Antwerp ndani ya termosi. Ilipofunguliwa, kichupa kimoja kilikuwa kimevunjika, damu imechanganyika na maji ya barafu. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyofahamiana na Ebola.

Leo mambo ni tofauti, na tuseme wazi kwamba tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mashini inayoitwa GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza kwa kifua kikuu mwaka 2010 na kuikubali kwa Ebola mwaka 2015, inafanya matayarisho yote ndani ya kartushi moja ya plastiki. Laborantini anachanganya damu na dawa ya kuua virusi, anasubiri, anaitia ndani ya kartushi na kuifunga. Kupasua, kuosha na kutafuta vinafanyika humo ndani, pasipo mtu kugusa. Baada ya kama saa moja na nusu jibu linatoka. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mashini hizi ziliwekwa karibu na wagonjwa, hata katika miji ambako zamani kipimo kilipaswa kwenda Kinshasa.

Lakini tutazame yaliyotokea Bulape, Kasai, mwaka 2025. Hospitali ile ilianzishwa na wamisionari wa Presbiteri, ni ya jamaa yetu. Mama mjamzito aliingia tarehe 20 Agosti, akafa siku tano baadaye. Ebola ilithibitishwa Kinshasa tarehe 3 Septemba na kutangazwa kesho yake. Katika vifo 15 vya kwanza vilivyotangazwa, vinne vilikuwa vya wahudumu wa afya. Mashini ya kujibu kwa saa moja na nusu ilikuwepo nchini kwa miaka mingi, lakini kati ya mama yule na jibu zilipita wiki mbili. Ilikosekana njia kati ya kitanda na mashini: mtu wa kushuku mapema, sindano salama, kichupa kilichofungwa vizuri, chombo cha kusafiri.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema, "Tuletewe mashini, mengine yatafuata." Kwa tulivyoona sisi, mengine ndiyo yanatangulia.

Tuchukue jambo dogo la huku kwetu. Kisangani ni mji wa watoto wa SS. Uchunguzi wa watoto wachanga wa mji huu, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta karibu mmoja kati ya wanne anabeba alama hiyo, na karibu mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana wachungaji wa Kabondo tunafahamu vizuri benchi la kungojea damu. Tulikuwa kwenye benchi moja namna hiyo na jamaa wa kanisa, mtoto akihitaji kuongezewa damu. Laborantini akatoka, akasema atachukua damu upya, kwa sababu amekuta vichupa viwili vyenye jina moja. Watoto wawili, jina moja, asubuhi moja. Familia ikawaka. Baba mdogo akasema hao wanauza damu yetu, kwanza walichukua, sasa wanachukua tena.

Yule kijana alisimama pale akitukanwa, na sisi tulinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Tunakiri. Alikuwa amemwokoa mtoto: damu ya kundi lisilolingana inaua. Hakuna mashini ambayo ingeona kosa lile. Ingepokea kichupa, ingekisoma kwa usahihi wote, na kutoa jibu la kweli kwa mtoto mwingine. Usahihi wa mashini unaanza baada ya kalamu ya mtu kuandika jina, na tarehe ya kuzaliwa, na namba.

Kisha kuna mambo ya chakula cha mashini yenyewe. Inataka umeme usiokatika katikati ya kazi, na sisi tunajua usiku wa Kabondo ulivyo, ijapokuwa maporomoko ya Tshopo yananguruma karibu. Inataka chumba kisichopita joto la digrii 30, na fundi wa kuikagua. Inataka kartushi: ile ya kifua kikuu, tangu kampuni ilipopunguza bei Septemba 2023, ni karibu dola 8 kabla ya usafiri. Na baada ya Marekani kusimamisha misaada yake Januari 2025, kila hospitali iliyozoea kupokea kartushi bure imelazimika kujiuliza itaendeleaje. Mashini isiyo na kartushi ni kabati. Tumeona makabati ya namna hiyo, yamefunikwa kitambaa kizuri.

Huko Yakusu, chini kidogo ya mto, daktari wa Wabaptisti Clement Chesterman, aliyefika mwaka 1920, alipambana na ugonjwa wa usingizi akiwa na hadubini na vijana wa huku aliowafundisha uuguzi. Hatusemi turudi huko. Hadubini peke yake isingetosha Bulape. Lakini aliyeleta chombo alileta pia shule, na sisi mara nyingi tunapokea chombo bila shule.

Kwa hiyo ndugu wanaokaa katika kamati za afya za kanisa, mtakapoahidiwa mashini, ulizeni kartushi za mwaka wa pili zitalipwa na nani. Ulizeni laborantini analipwa lini. Wengi wao hungoja miezi, na mtu mwenye njaa anaandika majina kwa haraka.

Na kwa mama yetu wa kwaya: kichupa kinachotolewa kwa kupima ni kama kijiko kimoja cha chai, hakiwezi kumwongezea mtu damu, wala hakiuzwi popote. Neno la Mungu linaiheshimu damu, nawe una haki ya kuuliza inakwenda wapi. Jumapili ijayo, baada ya ibada, laborantini wa mtaa atasimama mbele yetu na vichupa vitupu vya kila rangi, aeleze kila kimoja kinatumika kwa nini. Tumemwomba pia yule kijana wa benchi aje. Amesema atafikiri.