Mambo ya Nyumbani: Magunia Yaliyouzwa Januari

Mtu akisikia habari za kubana matumizi, mara hufikiri juu ya sukari, sabuni, mafuta ya taa na kiberiti. Ndivyo alivyofikiri karani mmoja wa Eldoret, ambaye nyumba yake na shamba lake viko Trans Nzoia. Kila mwisho wa mwezi alimpelekea mkewe fedha za matumizi kwa simu, na kila alipofika nyumbani aliomba daftari. Mkewe, ambaye huandika kila senti, alimletea. Karani aliketi barazani, akavaa miwani yake, akauliza, "Mama watoto, kilo 2 za sukari kwa mwezi? Kwani nyumba hii ina watu wangapi?"

Nyumba hiyo ina watu saba: mke, watoto watano, na mama yake karani ambaye sasa ni mzee. Mke hakujibu neno, bali mwezi uliofuata alinunua kilo moja na nusu.

Mwezi wa Juni karani alifika bila kutoa habari. Alikuta watoto wamekunywa uji asubuhi, nao hawatazamii kula tena mpaka usiku. Hakuambiwa na mkewe. Aliyemwambia ni mama yake mzazi, aliyemwita kando na kusema, "Mwanangu, sisi wazee hatuhitaji chakula kingi, lakini hawa wadogo wanalala mapema kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya usingizi." Karani aliona haya. Na kama ilivyo desturi ya mwanamume aliyeona haya, aliita daftari kwa sauti kubwa.

Mkewe alilileta, akasema, "Baba watoto, leo tafadhali usianze na sukari. Anza na ukurasa huu."

Ukurasa huo ulikuwa na neno moja lililorudiwa toka juu hata chini: gorogoro, Shs. 90/-, gorogoro, Shs. 90/-, gorogoro, Shs. 90/-. Kila mkazi wa upande ule alijua gorogoro, lile kopo la kupimia ambalo huchukua kiasi cha kilo 2 za mahindi. Gunia la kilo 90 hutoa magorogoro 45. Mahindi ya nyumbani yalikuwa yamekwisha katikati ya Mei, na mavuno mapya hayakutazamiwa kabla ya Novemba.

Karani hakuhitaji kuelezwa zaidi, kwa maana kupiga hesabu ndiyo kazi yake. Shamba lilikuwa limetoa magunia 8, chakula cha mwaka mzima kwa watu saba. Mwezi wa Januari, mtoto wa kwanza alipotakiwa kurudi shule ya sekondari, yeye mwenyewe aliuza magunia 4 kwa Shs. 3,000/- kila moja, akapata Shs. 12,000/- za karo. Ili kuyarudisha magunia hayo manne kwa gorogoro, mkewe angepaswa kununua mara 180, na jumla yake ni Shs. 16,200/-. Tofauti ni Shs. 4,200/-. Sukari aliyokuwa akiigombea, kwa Shs. 150/- kilo moja, ilikuwa Shs. 300/- kwa mwezi. Hasara ya mauzo yake ya siku moja ilikuwa sawa na sukari ya miezi 14.

Jambo hili si la nyumba hiyo peke yake. Uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba bei ya mahindi kwa kawaida hupanda kati ya 25 na 40 kwa mia toka wakati wa mavuno hata miezi ya njaa, na kwamba wakulima wengi huuza wakati wa bei ya chini kisha hununua wakati wa bei ya juu. Hawafanyi hivyo kwa ujinga, bali kwa sababu karo ya Januari haingoji, na gunia ndilo fedha pekee iliyo karibu. Tena ghala lililojaa huonwa na jamaa wote, na ni vigumu kumwambia shemeji au binamu kwamba hakuna kitu huku magunia yanaonekana mlangoni. Wengine huuza upesi ili wasiombwe.

Mashauri ya karani na mkewe yalichukua usiku mzima, na yasemekana hayakuwa ya upole wakati wote. Mke alisema kwamba karo ingeweza kukopwa. Mume alikataa, kwa sababu amelelewa kuamini kwamba mtu mwangalifu hakopi. Hapo ndipo wengi waliokosea kwa nia njema. Deni hupimwa kwa gharama yake, na kuuza chakula ambacho utakinunua tena ni deni pia, ila halina karatasi.

Karani ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo cha kazini. Vyama vingi vya namna hiyo hutoza riba ya 1 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki. Mkopo wa Shs. 12,000/- ukilipwa kwa miezi sita, Shs. 2,000/- kila mwezi, riba yake ni Shs. 120/-, kisha 100, 80, 60, 40 na 20, jumla Shs. 420/-. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya ile hasara ya Shs. 4,200/-.

Lakini msomaji asikimbilie mkopo wo wote. Mikopo ya simu ni kitu kingine kabisa. Ada ya 7.5 kwa mia kwa siku 30, ambayo ilijulikana sana toka mwaka 2012, yaonekana ndogo. Lakini juu ya Shs. 12,000/- ni Shs. 900/- kila mwezi, na mtu akiuendeleza mkopo huo kwa miezi sita atakuwa ametoa Shs. 5,400/- za ada tu. Afadhali auze mahindi.

Pia hesabu hii yote huvunjika kama mahindi yataharibika. Fukusi ni adui wa zamani. Dumuzi, aliyeonekana Taveta mwaka 1983 na kuenea, ni mbaya zaidi, kwa kuwa hugeuza punje kuwa unga katika miezi michache. Na ubaya ulio mkubwa kuliko yote ni unyevu. Mwaka 2004, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu. Punje hazifai kuwekwa kabla unyevu wake haujashuka hata 13.5 kwa mia. Asiye na kipimo aweza kutwaa chupa kavu yenye kifuniko, atie chumvi kavu na punje, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi yarudi juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu. Mke wa karani alifanya hivyo mara tatu mwezi wa Desemba, kisha akayatia katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wadudu hufa ndani yake kwa kukosa pumzi. Mifuko hiyo ni ghali kuliko gunia la kawaida, na panya akiitoboa haina faida, kwa hiyo paka naye aliandikiwa posho katika daftari.

Na karani hakuweka mahindi ili afanye biashara. Bei hupanda, lakini haina ahadi. Mwezi wa Mei 2017 serikali iliingilia kati hata pakiti ya unga ya kilo 2 ikauzwa kwa Shs. 90/-, na wenye kutumaini bei ya juu walisikitika. Aliyeweka ya kula hakuwa na la kusikitikia.

Miezi iliyokuwa migumu ilikuwa Februari, Machi na Aprili. Mshahara ulikatwa, na faida ya magunia ilikuwa bado haijaonekana. Hapo ndipo ule uangalifu mdogo mdogo ulipopata kazi yake. Maharagwe yalirowekwa usiku kucha, kisha yakachemshwa kwa muda na sufuria ikafunikwa ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu na blanketi kuukuu, yaive yenyewe bila kuni. Chumvi na sabuni zilinunuliwa kwa mwezi mzima mara moja, si kwa vipande vya kila siku. Sukari ilibaki kilo moja na nusu, safari hii kwa shauri la mke mwenyewe.

Ufunguo wa ghala sasa anao mke. Mwezi wa Mei binamu wa karani alikuja kuomba magunia mawili, akaelekezwa kwa mwenye ufunguo. Alipewa debe moja, akanywa chai, akaondoka. Karani aliporudi mwisho wa mwezi hakuuliza habari za sukari. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa mahindi, akaona debe 1 limeandikwa "binamu", na chini yake magunia yaliyobaki: 3 na debe 4.