MICHE YETU ITAZAMWE MIZIZI

Siku ya kupanda miti ni siku njema. Ngoma hulia, viongozi hushika majembe, na jioni hesabu hutangazwa: miche elfu tano, miche elfu kumi. Sina ugomvi na ngoma wala na jembe. Ugomvi wangu ni na hesabu hiyo. Atakaye kujua kama mti utaishi, hapana budi arudi nyuma miezi sita, aende kitaluni ulikooteshwa, akatazame ndani ya kiriba.

Kiriba ni kimfuko cha plastiki, kila mtu anakijua. Ukuta wake ni laini. Mzizi ukiufikia huo ukuta hauna pa kutokea, hugeuka ukazunguka kama kamba ndani ya ndoo. Mche uliokaa kiribani kupita muda wake waweza kuwa na majani ya kumfurahisha mgeni, walakini chini umejifunga wenyewe. Na ukishapandwa, mizizi ile haijinyooshi. Mti husimama mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, kisha upepo ukauangusha, au ukakauka wakati wenzake wanastawi. Hapo husemwa ardhi mbaya, au mvua imetudhulumu! Ardhi haina kosa.

Ubaya mwingine huanza mapema zaidi. Mche mchanga unapotolewa kwenye tuta la mbegu na kutiwa kiribani, mfanyakazi aliyeharakishwa huusukuma kwa kidole, mzizi mkuu ukakunjwa kama ndoana. Tundu lichimbwe kwa kijiti, mzizi ushuke wima. Ukiwa mrefu mno, ukatwe ncha. Tena viriba visiachwe palepale miezi yote, kwani mizizi hutoboa ikaingia ardhini, na siku ya kuing'oa hukatika yote kwa mara moja. Viinuliwe kila baada ya wiki chache, mizizi iliyotokeza ikatwe, kisha miche inyweshwe.

Wapo wanaodhani maji mengi ndiyo mapenzi. Maji mengi na kivuli kizito huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga pale usoni pa udongo, asubuhi ukaikuta miche imelala. Na wiki za mwisho kabla ya kupanda, kivuli na maji vipunguzwe kidogo kidogo, mche ulizoee jua utakalokutana nalo kule mlimani.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya mabwana miti waliosoma Olmotonyi, sisi wakulima tutayawezaje? Nawakumbusha akina mama wa Kenya. Marehemu Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini wasio na cheti chochote waliotesha miche hata katika makopo na vyungu vilivyovunjika. Kazi ile ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Jambo moja la kwao nalipenda kuliko yote: kijizawadi cha fedha walichopewa kilihesabiwa kwa mche uliopona. Sisi twamlipa mwenye kitalu kwa idadi aliyoshusha kwenye gari, halafu twashangaa anatuletea mabaki ya mwaka jana!

Basi napendekeza hivi kwa matawi yetu. Miche ikifika, kabla ya kutia sahihi, wachaguliwe vijana wawili wapasue viriba vichache vya hapa na pale, mizizi ionekane mbele ya watu. Ikiwa imejizungusha, gari lirudi nayo, hata kama mgeni rasmi amekwisha kufika. Siku ya kupanda kila kiriba kichanwe na kukusanywa, maana wapo wanaofukia mche pamoja na plastiki yake ili wamalize upesi. Na mwenye kitalu alipwe nusu siku ile, na nusu baada ya kiangazi cha kwanza, tutakapopita shambani pamoja naye kuhesabu iliyo hai.